Mpungate wa Bibi kule Mnyambe

Kabla ya kuondoka

Tangu nirudi, kila anayepita kwenye miche yangu ananiuliza swali lilelile: "Mama Neema, kulikuwaje huko?" Nilimsimulia Mama Kuluthumu wa mihogo, akaenda kusimulia vibaya, na sasa nusu ya watu wa stendi ya Morogoro wanaamini nilikwenda Newala kugombea mikorosho. Basi nimekaa chini niandike mwenyewe. Someni, kisha mniache nimwagilie maua yangu kwa amani. Ya tiketi na nauli siyasemi, hayo mnayajua.

Mama yangu ni Mmakonde wa Mnyambe, kule Newala. Baba, Mluguru wa watu, alimuoa akamleta huku akiwa msichana, na maisha yakamshika hapahapa. Sasa macho yamekwisha, magoti yamekwisha, ulimi tu ndio mzima. Kila siku ananifuata kibandani, anakaa kwenye kigoda chake kati ya vikopo vya miche, anawasema wateja wanaopunguza bei.

Siku moja mteja wangu, mwalimu anayefundisha mambo ya mimea, aliniachia chungu nimtunzie akiwa likizo. Ndani yake kulikuwa na kichaka kidogo chenye majani mapana ya kung'aa, kama ya mlimao lakini yamenona kidogo, na ua moja la rangi ya waridi. Nikamuuliza ni waridi la wapi. Akasema huu ni mpungate. Nikabisha, maana mimi miaka yote nauza mimea na mpungate naujua: ni mabamba ya kijani yenye miiba, jani hata moja hauna.

Akakiweka kidole changu kwenye shina. "Mwiba wa waridi umeota kwenye ganda, ukiusukuma unabanduka," akasema. "Huu angalia unakotokea." Kweli, kwenye kila kikwapa cha jani palikuwa na kidoti chenye manyoya kama ya kifaranga, na miiba ilitoka humo. Tawi jipya nalo linatoka humohumo. Akanieleza kwamba kidoti hicho ndicho alama ya ukoo mzima wa mpungate, na kwamba huu ni wa kizamani, haujaacha majani yake kama wenzake walivyoacha. Tena kidoti hakifi. Mti unavyozeeka, kinazidi kuongeza miiba, ndiyo maana tawi changa lina miiba miwili mitatu mahali pamoja, na shina la mzee lina vishungi vizima.

Mama aliacha kuwasema wateja. Akanyoosha mkono, akapapasa jani, akapapasa miiba, akafika kwenye ua. "Mama Neema," akaniita, "nani ameuleta huu hapa?" Kisha akalia. Mwalimu alishtuka akadhani amechomwa.

Ndipo akanisimulia. Bibi yangu, mama yake, alikuwa na mpungate wa namna hii uani kwake. Kijiti chake alikitoa Chidya, kwenye shule ya misheni karibu na Masasi, alikokuwa akiwapikia walimu enzi hizo. Matunda yake yanaota juu ya matunda: ua linachomoza kwenye tunda, nalo linakuwa tunda, na kwenye hilo linatokea ua jingine, mpaka yananing'inia kama mnyororo. Watoto walikuwa wakiyashika moja moja na kusema huyu bibi, huyu mama, huyu mimi. Bibi alipofariki, mama, akiwa bado mtoto, alichukua kijiti akakichomeka kaburini upande wa kichwa. Hapakuwa na msalaba wala jiwe. Baadaye watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, pale pakawa mahame, na ndugu zake wote waliopajua wakatangulia mmoja mmoja.

"Nenda ukaniangalizie kama upo," akasema. "Kama upo, siku yangu ikifika mnipeleke nikalale pale kwa mama. Niletee na kijiti. Kama haupo, nizikeni popote, sitawasumbua."

Kwetu, mtu ni wa kwa mama yake. Waluguru nao ni hivyohivyo, ndiyo maana baba yangu amelala Matombo na ukoo wa mama yake, na mama hana kiwanja pale. Hilo nililielewa. Lakini nami niseme langu, maana nyie ni rafiki zangu. Kutoka hapa mpaka Newala ni safari ya kumaliza mgongo. Akilala kule nitamwona mara ngapi? Mimi nilitaka alale makaburi ya hapa jirani, niende Jumapili na ufagio wangu, nimpigie umbea wa wiki nzima. Nilipanda basi nikimwomba Mungu mpungate ule usiwepo.

Mpaka Ndanda

Dar mpaka Nangurukuru hakuna la kusimulia, nililala. Tulipoipita Nangurukuru basi likapiga kelele ya chuma na kusimama. Dereva akashuka, akalala chini ya gari, na tukamwona miguu tu kwa muda mrefu sana. Abiria tukatandika kanga chini ya vichaka.

Karibu yangu alikaa dada mmoja muuguzi, mwenye sauti ya chini, anarudi kazini Ndanda. Alifungua kikapu akatoa ming'oko. Ni viazi vyembamba vya porini, vinachimbwa, vinachemshwa, na watu wa Kusini wakiviona wanasahau hata jina la mume. Mimi nilitafuna na maganda. Akanitazama, akamenya wake polepole mbele yangu ili nione, akauchovya kwenye chachandu ya pilipili na ndimu, akala. Nikajifunza. Ladha yake siwezi kuwaelezea, na ukinipa sahani ya wali leo nitaiacha.

"Unakwenda wapi, dada?" akaniuliza.

"Newala. Nakwenda kutafuta kaburi."

"Pole sana na msiba."

Kabla sijamjibu, mama wa nyuma alikwisha sikia. "Jamani, huyu mwenzetu ana msiba." Pole zikamiminika. Baba mmoja akavua kofia. Mwingine akamfokea dereva kwamba anachelewesha watu wenye maiti. Nikaona aibu kuwakatiza, mpaka yule baba wa kofia akauliza marehemu anazikwa saa ngapi.

"Alishazikwa," nikasema. "Zamani. Mimi sijazaliwa."

Yule baba akarudisha kofia kichwani. Kisha yule mama wa nyuma akasema, "Basi rudisheni pole zenu," na watu wakacheka mpaka dereva akachomoa kichwa chini ya gari kuangalia kuna nini.

Muuguzi hakucheka sana. Safari ilipoanza tena akaniuliza vizuri, nikamweleza habari ya mama na mpungate. Akasema wazee wakikaribia mwisho, pale wodini hawaulizi dawa. Wanauliza kwao. Kuna mmoja alikuwa anataja majina ya visima vya kijijini kwake, kimoja kimoja, kila asubuhi. "Mtoto wake alikuwa anakasirika," akasema. "Anamwambia, baba, mimi nipo hapa, unaita visima."

Nikageukia dirishani. Alishuka Ndanda, akanipa ming'oko iliyobaki na kuniambia nimsalimie mama. 

Masasi na Chidya

Masasi imekaa kati ya milima ya mawe mitupu, mikubwa, na joto linapiga kwenye mawe linakurudia usoni. Nililala gesti moja safi, asubuhi nikachukua bodaboda kwenda Chidya. Mama aliniambia nianzie huko, kwa kuwa ndiko mti ulikotoka, huenda nikaiona mingine na macho yangu yakauzoea.

Taabu ya kutafuta mmea usio na jina la kueleweka ni kwamba kila mtu anataka kukusaidia. Nilisema natafuta mpungate wenye majani. Baba mmoja anayechunga mbuzi alinipeleka mwendo mrefu shambani kunionyesha mpungate wa kawaida. Nikamwambia huo hauna majani. Akasema, "Basi ngoja mvua." Mwingine alinipeleka kwenye minyaa. Kijana wa bodaboda naye, kwa kuwa nilisema ua la rangi ya waridi, alinisimamisha mbele ya kila bogenvilia iliyopo kati ya shule na barabara.

Mwishowe nikafika kwa mama mmoja mtu mzima anayeuza vitumbua karibu na mashamba, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

"Natafuta mpungate wenye majani."

Akageuza kitumbua, akafikiri. "Mpungate wenye majani," akasema, "ni sawa na kuku mwenye maziwa. Anayekutuma anakupenda kweli?"

Nilimpenda palepale. Nikamkalia karibu, nikamweleza kila kitu, habari ya bibi kupikia walimu, vidoti vyenye manyoya, matunda ya mnyororo. Kwenye matunda akaacha kijiko hewani. Akasema bibi yake alikuwa na mti wa namna hiyo, majani machanga wakiyatia kwenye mboga mwezi wa njaa. Lakini ulikwishakatwa, pakajengwa choo. "Ukiuona Newala," akasema, "na mimi niletee kijiti." Akanifungia vitumbua kwenye gazeti, akakataa nimlipe, akasema hiyo ni nauli ya kijiti.

Kwa hiyo Chidya hakuna. Nilirudi Masasi nikijiambia kwamba kama kwenye chimbuko lake umekwisha, Mnyambe utabaki kwa lipi? Moyo ulikuwa mwepesi, na nilijua kabisa kwa nini ni mwepesi, na sikujipenda.

Kupanda Newala

Gari la Newala lilikuwa Noah lenye kioo kimoja cha nailoni. Barabara inakwenda tambarare, halafu inaanza kupanda, na ukifika juu hewa inabadilika. Mwenzenu nilitoka Masasi nikijipepea, nikafika Newala natafuta sweta. Upepo wa kule hauna adabu. Udongo ni mchanga mwekundu, na mikorosho imeshikana pande zote mbili mpaka macho yanachoka.

Ilikuwa msimu. Harufu ya mabibo yaliyoiva na yanayooza ilikuwa kila mahali, tamu yenye ukali kwa mbali. Watu wote wameinama chini ya miti, wanaokota, wananyonga korosho zitengane na mabibo yake. Kwenye Noah waliniuliza natoka wapi na nakwenda kwa nani. Nikasema kwa Shaibu, mtoto wa mama yangu mdogo, kule Mnyambe. Wakatazamana. Mama mmoja akasema, "Dada wa Shaibu, kutoka mbali, msimu wa korosho." Akasema hivyo tu, akaangalia nje. Sikuelewa. Mngekuwa nyie mngeelewa?

Mnyambe

Shaibu tunalingana umri. Mama zetu ni tumbo moja, kwa hiyo ni kaka yangu kabisa, ingawa tulikuwa tumeonana mara moja tu, kwenye harusi. Yeye ni Mwislamu kwa upande wa baba yake, sisi ni wa Kanisa, na hilo kule halimshughulishi mtu. Alinipokea kwa heshima zote. Mkewe, Mama Sofia, alinitengea maji ya kuoga, na maji kule juu hayachezewi. Wakanipa ugali wa muhogo na mbaazi za nazi. Lakini uso wa kaka yangu ulikuwa umefungwa.

Nikamwambia nimekuja kuona kaburi la bibi. Akasema vizuri, dada, tutakwenda. Asubuhi akasema korosho hazingoji. Siku iliyofuata akasema anaumwa mgongo. Mimi mikono haikai, nikachukua ndoo nikamfuata Mama Sofia kuokota. Tuliokota mpaka vidole vikanata. Kila nikiinua kichwa namkuta Shaibu amesimama mbali ananiangalia. Nikihama mti, na yeye anahama.

Lakini kingine kilinivutia zaidi. Kuzunguka mikorosho yake michanga kulikuwa na vijiti vya miiba vimesimama duara, vikavu, vya kijivu, havina jani. Nilidhani ni miiba imechomekwa kuzuia mbuzi. Nilipita kando yake nisijue ninachokipita, maana mimi kichwani nilikuwa na kile kichaka cha kwenye chungu, cha kijani, chenye ua.

Mchana mmoja kanga yangu ikanaswa. Nikainama niinasue, na nikaona kidoti. Kina manyoya, yamechakaa yamekuwa ya kijivu, na miiba inatoka humo. Nikakwaruza ganda kwa ukucha, ndani kijani kibichi. Nikaangalia huku na huku. Duara baada ya duara, shamba zima, ni mpungate wa bibi, umepukutisha majani kwa kiangazi.

"Wifi," nikamwita Mama Sofia, "hivi vimetoka wapi?"

Akasema miaka michache nyuma walipopanda mikorosho mipya mbuzi waliimaliza. Shaibu akakata matawi ya kile kichaka cha mahameni, akayazungushia miche, kama kila mtu kule anavyofanya na miiba ya aina yoyote. Miiba ya wengine ilikauka ikaliwa na mchwa. Ya kwake, mvua ilipokuja, ikashika mizizi. "Alitupa kuni," akasema Mama Sofia, "zikaamka."

Mimi nauza miche, nikacheka sana. Mpungate ndivyo ulivyo, kila kidoti ni jicho linalongoja udongo, ukiukata umeupanda. Kisha kicheko kikanikauka. Kama kila mahali kuna mpungate, bibi yuko wapi?

Jioni ile nikamwambia Shaibu kwamba kesho naondoka, anionyeshe sasa. Akanipeleka pembeni kabisa ya shamba, mpakani, kwenye duara moja lisilo na mkorosho katikati. "Ni hapa, dada," akasema.

Mama Sofia alikuja nyuma yetu. Nilimwona anaangalia miguu yake.

Nikapiga magoti nikashika shina. Lilikuwa jembamba kama mpini wa jembe, na kila kidoti kina miiba michache tu ya kuhesabika. Mti wa juzi. Mama yangu ni bibi wa watu, na aliupanda akiwa mtoto. Nikajua kaka yangu ananidanganya.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Mama Kuluthumu alipopapotosha. Sikukasirika. Nilifurahi. Nilisema moyoni, hewaa, nitampigia mama simu niseme nimetafuta, shamba limejaa miiba, kaburi halijulikani tena. Uongo ningemwachia mwenye shamba, mimi ningebaki msafi. Na mama ningebaki naye Morogoro. Nilipiga magoti pale nikiwa nimeshika kijiti cha uongo na nikakaribia kushukuru.

Tukawa tunarudi, tunakatiza katikati ya shamba, kwenye mikorosho mikubwa. Jua linazama. Hapo nikauona. Ulikuwa umeegemea upande mmoja, peke yake, hauna mkorosho wala duara, shina nene kama paja la mtu mzima, na kuanzia chini mpaka juu lina vishungi vya miiba, vimesongamana kama brashi ya kusugulia sakafu. Miaka na miaka ya miiba, kidoti kwa kidoti. Kwenye tawi moja la juu kulikuwa na matunda makavu ya msimu uliopita, yamening'inia moja chini ya jingine. Chini pamefagiliwa safi.

Nilisimama. Shaibu naye akasimama. 

Ningeweza kupita. Ninawaapia, mguu wangu mmoja ulikwisha kwenda mbele. Lakini niliyaona yale matunda, na mkono ukaenda wenyewe ukashika la juu. Huyu bibi. Likafuata la pili. Huyu mama. Nikafika la tatu, nikashindwa kusema. Mama alikaa maisha yake yote nchi ya watu, anauza mihogo, anazika watoto, anazika mume, na hakuwahi hata siku moja kusema anataka kwao. Amesema mara moja tu, na ameniambia mimi.

"Kaka," nikasema, "nani anafagia hapa?"

Shaibu akakaa chini. "Mama Sofia," akajibu. "Kila Ijumaa."

Ndipo yakamtoka. Alidhani nimekuja kudai shamba. Kwa desturi yetu mimi ni mtoto wa dada mkubwa, nina haki kuliko yeye, na dada anayetokea msimu wa korosho akiulizia kaburi la bibi, kila mtu kule anajua anachokitafuta. Kaburi likiwa katikati ya mikorosho ndilo shahidi kwamba shamba ni la bibi. Akaona bora anionyeshe la mpakani.

"Mimi na korosho wapi na wapi," nikamwambia. "Mimi nimetumwa na mama. Anataka kulala hapa."

Akainua uso. "Mama mkubwa anataka kurudi?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Kisha akafunika uso kwa kofia yake, akalia. Nami nilikuwa nalia, kila mtu analia la kwake. Mama Sofia tu ndiye aliyekuwa mkavu. "Nilikwambia, Baba Sofia," akasema. "Nilikwambia uso wa huyu si wa shamba."

Shaibu alipotulia akaonyesha pale chini kwa kidole. Akasema mama mkubwa atalala huku, na upande ule ulikuwa uwe wa mama yake, yaani mama yangu mdogo, ila walimzika kijijini kwa kuwa maji ya masika yaliziba njia. Halafu akahamisha kidole kidogo. "Na hapa ni pako, dada."

"Pangu?"

"Wewe ni wa kwa nani? Si wa kwa mama yako?"

Hilo sikuwahi kuliwaza. Mimi nimezaliwa Morogoro, meno yangu ya kwanza yalitupwa kwenye paa la Morogoro. Na kumbe miaka yote hiyo palikuwa na mtu anayepafagia mahali pangu.

Kurudi

Shaibu alikata vijiti mwenyewe. Mama Sofia akataka kuvifunga kwa gunia bichi, kama wanavyofunga miti ya mihogo. Nikamkatalia. Kijiti cha mpungate ukikipa maji mapema kinaoza. Kinatakiwa kidonda kikauke kwanza, kifunge kovu, ndipo ukipeleke kwenye udongo. Akaniambia, "Basi kitakufa njaa njiani." Nikamwambia njaa ndiyo dawa yake. Wakanisindikiza na korosho za kukaanga na kuku aliyechemshwa, na Shaibu hakuniachia mkono mpaka Noah lilipoondoka.

Masasi nilimkuta yule kijana wa bodaboda, nikamkabidhi kijiti kimoja ampelekee mama wa vitumbua Chidya. Akakiangalia. "Ndio huu? Mbona ni mwiba tu." Nikamwambia ngoja mvua.

Basi lilichelewa kutoka, likachelewa njiani, sehemu moja tukangojea watengeneza barabara mpaka watu wakaanza kusali. Safari hii sikulalamika. Kadiri tulivyochelewa ndivyo kidonda kilivyokauka. Nilikishika kijiti mapajani njia nzima na watu wakaniogopa, hakuna aliyetaka kukaa karibu na mwanamke mwenye fimbo ya miiba.

Mlangoni

Mama alikuwa kwenye kigoda chake. Nilimpa kijiti mkononi kabla sijasema chochote. Alikipapasa polepole, kidoti kwa kidoti, akakinusa pale kilipokatwa. Alikaa nacho mpaka chai ikapoa.

"Pamekuwaje?" akauliza.

"Pamefagiliwa," nikasema. Nikamweleza yote, hata habari ya Shaibu. Hata kwamba nilitamani nisipaone. Hakushangaa.

"Najua," akasema. "Uliondoka hujaniaga vizuri." Akanirudishia kijiti. "Ukipande hapa mlangoni. Mimi nitakwenda kwa mama yangu. Wewe ukinitamani, utatoka nje, utakuwa umefika. Na kikishika, uniambie, nijue kwamba sasa naweza kwenda."

Nilikipanda siku hiyohiyo, udongo mkavu, mchanga mwingi, kama inavyotakiwa. Mvua zimeanza. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, nakwenda kukitazama, na kila asubuhi mama anauliza kutoka ndani, "Bado?" Namjibu bado. Mimi ninayewaahidi wateja kwamba mche wangu haufi, kila asubuhi nafurahi kukikuta kikavu.

Juzi kimetoa jani. Moja, dogo kuliko ukucha, kwenye kidoti cha juu kabisa, linang'aa kama limepakwa mafuta. Nililitazama mpaka jua likatoka.

"Bado?" akauliza mama.

"Bado, mama," nikamwambia.